Miaka yangu na Roadster

Dar es Salaam ya mwaka 2004 ilikuwa jiji la Corolla, Mark II na vipanya. Mtu akipata fedha za gari, maswali yalikuwa yale yale: linabeba watu wangapi, linakunywaje mafuta, na spea zake Kariakoo zipo? Gari lilikuwa la ukoo kabla ya kuwa la mwenyewe. Ndilo lililopeleka wagonjwa Muhimbili, likabeba masufuria ya msibani, likapokea wageni wa mikoani Ubungo usiku wa manane. Katika jiji hilo nilinunua gari lenye viti viwili tu, buti la kutosha mabegi mawili laini, na paa la turubai linalokunjwa kwa mkono.

Lilikuwa Eunos Roadster la mwaka 1991, jekundu, gia za mkono, usukani wa kulia kama magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Niliuziwa na mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Nyumbani tulikuwa na Corolla ya familia, na bila hiyo nisingethubutu. Hata hivyo baba yangu mdogo alipokuja kuliona, alilizunguka, akaegemea mlango, akaniuliza kwa upole: "Sasa mwanangu, na sisi tutakaa wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Jibu nililompa siku ile halikumtosheleza, wala mimi halikunitosheleza. Jibu lenyewe lilikuja polepole, kwa miaka, na halikutoka barabarani. Lilitoka chini ya boneti, kwenye matundu ya maji, na kwenye kivuli cha mwarobaini ambako fundi wangu alifanyia kazi.

Gari hili lina historia yake. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa magari madogo ya wazi: MG, Triumph, Lotus. Yalipendwa sana, hasa Marekani, lakini mwaka 1980 MGB na Triumph Spitfire zote ziliacha kutengenezwa, na sokoni pakabaki pengo. Tayari mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, alimwambia Kenichi Yamamoto, mkuu wa utafiti wa Mazda wakati huo, kwamba kampuni yake ingeweza kutengeneza gari la namna ile: jepesi, injini mbele, nguvu nyuma, paa linalofunguka, bei ya mtu wa kawaida. Ilichukua miaka kumi. Februari 1989 gari likaonyeshwa Chicago likiitwa MX-5 Miata, na mwaka huo huo Japani likaanza kuuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Msimamizi wa mradi, Toshihiko Hirai, alilikazania jambo moja hadi mwisho, nalo ni uzito. Gari lililotoka lilikuwa na kilo 940 hivi, injini ya sisi 1,600, nguvu farasi 120, na urefu usiofika mita nne.

Kwa wapenda mbio, farasi 120 si kitu. Mark II za vijana wa Kinondoni zilikuwa na zaidi. Lakini uzito ukipungua kila kitu kinapungua pamoja nao. Breki hazichoki, tairi hazilii, usukani haudai nguvu. Mhandisi aliweka mikono miwili ya saspensheni kwa kila gurudumu, juu na chini, na akaunganisha giaboksi na difu kwa boriti ndefu ya alumini ili ukikanyaga mafuta gari lisite kidogo iwezekanavyo. Ukiwa umekalia kiti kile, makalio yako karibu yanagusa barabara. Kokoto ikipita chini ya tairi ya nyuma kushoto, unaijua.

Wengi walidhani raha ya gari lisilo na paa ni jua. Kwa Dar, jua ni adui. Saa sita mchana turubai lilikuwa juu, vioo vimeshushwa, jasho linatiririka kama la abiria wa daladala. Saa za Roadster zilikuwa alfajiri na jioni. Jumapili kabla ya misa ya kwanza, barabara ya Bagamoyo ilikuwa tupu kuanzia Mwenge hadi Tegeta, na kutoka hapo hadi Bagamoyo kulikuwa na minazi, moshi wa mkaa unaoamka, na harufu ya bahari iliyokuja na kuondoka kulingana na upepo. Mke wangu, ambaye mwanzoni alilipinga gari hili kwa hoja nzito kuliko za baba mdogo, alikuwa wa kwanza kujifunga kilemba asubuhi hizo. Ndani ya Corolla tulizungumza ada za shule. Ndani ya Roadster, kelele za upepo zilitunyima mazungumzo marefu, tukabaki kuonyeshana vitu kwa kidole.

Kulifungua paa kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ule ulikuwa somo la kwanza. Dirisha la nyuma lilikuwa la plastiki, limeshonewa zipu pande zake. Ukivuta paa nyuma bila kufungua zipu, plastiki inajikunja, na siku moja inapasuka pale pale ilipozoea kujikunja. Kwa hiyo unaanza nyuma: unafungua zipu, unalilaza dirisha taratibu, ndipo unakwenda mbele kuachia lachi mbili zilizo juu ya kioo. Plastiki ile hupofuka kwa jua la pwani, inakuwa ya njano kisha ukungu. Yangu ilipofika hapo, aliyeniokoa alikuwa fundi viti wa Magomeni, mzee aliyezoea kushona viti vya daladala. Hakuwahi kuona gari la namna ile. Alilichomoa dirisha la zamani, akalitandaza mezani kama kielelezo, akakata plastiki mpya nzito kwa vipimo vyake, akaishona kwa uzi wa turubai la lori. Ilikaa hadi naliuza gari.

Lakini siri kubwa ya gari hili ilikuwa maji. Turubai linapokunjwa hujilaza kwenye mfereji nyuma ya viti, na mvua inaponyesha paa likiwa juu, maji yanayoteremka juu ya kitambaa huishia kwenye mfereji huo huo. Mazda waliliona hilo, wakaweka matundu mawili, moja kila upande, karibu na nguzo ya mkanda wa usalama. Kila tundu lina mrija unaoshuka ndani ya bodi na kumwaga maji chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na inategemea tundu lisilozidi upana wa kidole.

Dar ina vumbi, ina majani ya mkungu, ina maua ya mkrismasi yanayodondoka kila Desemba. Vyote huingia kwenye mfereji ule. Vikiziba tundu, maji hayana pa kwenda. Yanajaa, yanavuka ukingo, yanaingia chini ya zulia, na mabaya zaidi yanaingia ndani ya vizingiti vya milango, ile mirija ya chuma iliyofungwa pande mbili za gari. Gari la kawaida lina paa la bati la kusaidia kulishika. Gari hili halina, kwa hiyo vizingiti ni sehemu ya uti wa mgongo wake. Kutu ikianza humo huioni. Rangi ya nje inang'aa, watu wanakusifia, na ndani chuma kinageuka unga. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani, na kazi inakwenda kasi maradufu.

Kwa hiyo kila mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika, nilikuwa na shughuli yangu. Nilisukuma viti mbele, nikainua zulia, nikamulika kwa tochi hadi nikaliona tundu. Sikutumia waya mgumu, kwa sababu waya hutoboa mrija na hapo umeongeza tatizo. Nilitumia kamba ya plastiki inayopinda, ile ya kukatia nyasi, nikaipenyeza taratibu nikiizungusha mpaka nikasikia uzito unaachia. Kisha nilimimina maji kwa kikombe. Mtoto wangu mkubwa alilala kifudifudi sakafuni kwenye baraza, macho yakiwa usawa wa gurudumu. Maji yalipochuruzika chini alipaza sauti: "Yametoka, baba!" Mwanzoni yalitoka meusi, yamebeba matope na mabaki ya majani. Tuliendelea kumimina mpaka yakawa meupe, ndipo tukahamia upande wa pili.

Mvua za Aprili Dar zinajulikana. Jangwani inajaa, barabara zinafungwa. Katika miaka yote ile zulia la Roadster lilibaki kavu, kwa sababu ya kikombe kimoja cha maji na mtoto aliyelala sakafuni.

Mambo ya injini yalikuwa ya fundi. Gereji yake ilikuwa ya zile tunazoziita gereji bubu: hakuna bango, hakuna geti, ni mwarobaini mmoja, benchi la mbao, na sanduku la spana lililorithiwa. Alijifunzia kazi kwenye Peugeot 504 na Land Rover, na aliheshimu gari lolote lililotengenezwa ili lifunguliwe. Nilipompelekea Roadster mara ya kwanza nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akafungua boneti, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Hili aliyelitengeneza alimfikiria fundi." Aliweza kuona kila kitu. Plagi nne zimejipanga juu, kichujio cha oili kimejificha lakini mkono unafika, na pande zote mbili za injini unaona hadi chini kwenye udongo.

Kazi kubwa tuliyoifanya pamoja ilikuwa kubadilisha mkanda wa taimingi. Kiwanda kilishauri ubadilishwe kwenye kilomita 100,000. Tulianza na puli ya mbele ya krenki, kwa sababu injini za mwanzo za gari hili zilikuwa na udhaifu unaojulikana. Ncha ya krenki ilikuwa fupi, na bolti ikishalegea puli hucheza, hula ufunguo wake, na hatimaye krenki nzima huharibika. Zilizofuata zilirefushwa ncha. Zinatambuliwa kwa kuhesabu mipasuo ya puli: minne ni ya zamani, minane ni ya baadaye. Fundi alifuta puli kwa kitambaa chenye petroli, akahesabu kwa kidole, akafika minane. Alitabasamu, akaagiza chai.

Puli mbili za juu, ya vali za kuingiza na ya vali za kutoa, zina alama za herufi I na E. Mkanda ukikaa sawasawa, kati ya alama hizo mbili panakuwa na meno 19. Jino moja likikosewa, gari litawaka lakini litakuwa zito, litakunywa mafuta, na mwenyewe hatajua kwa nini. Fundi alipovalisha mkanda alihesabu kwa sauti. Akanipa nafasi nihesabu mimi. Kisha akamwita kijana wake aliyekuwa anasafisha plagi, akamwambia ahesabu bila kumtajia jibu. Sote watatu tulifika 19. Bado akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, kwa spana ndefu, na tukahesabu upya. "Injini haina haraka," alisema, "haraka ni ya mwenye gari." Alipomaliza kuifunga na kuiwasha, ile sauti ya tapeti iliyokuwa ikigonga asubuhi ilidumu kidogo tu, ikapotea oili ilipopanda. Tapeti za gari hili hujirekebisha zenyewe kwa oili, kwa hiyo zikigonga zinakwambia oili imechakaa au imepungua. Tangu hapo masikio yangu yalikuwa yanalikagua kila asubuhi kabla sijaangalia mita yoyote.

Jambo moja tulilobishana ni thamostati. Mafundi wengi wa Dar huing'oa na kuitupa, wakiamini kwamba nchi ya joto haihitaji kitu kinachozuia maji kuzunguka. Gari likichemsha kwenye foleni, lawama inakwenda kwake. Nilimwomba fundi wangu aiache. Thamostati hufunga njia ya rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ukiing'oa, barabara ikiwa wazi injini inabaki baridi kupita kiasi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta mengi, na oili inachafuka mapema. Kinachochemsha gari la umri ule ni rejeta yenyewe. Tangi lake la juu ni la plastiki, na plastiki ile ikianza kugeuka rangi kutoka nyeusi kwenda kahawia, siku zake zinahesabika. Yetu ilikuwa na rangi ya chai. Tulibadilisha rejeta, tukahakikisha feni zote zinazunguka, tukaacha thamostati mahali pake. Sindano ya joto ikakaa katikati, iwe foleni ya Magomeni au barabara ya Bagamoyo. Baada ya hapo nilimsikia fundi akiwaeleza wateja wengine sababu ile ile, kwa maneno yake, vizuri kuliko nilivyoieleza mimi.

Spea zilikuwa na dunia mbili. Injini ya Roadster inatoka kwenye ukoo wa B6, ambao Mazda waliutumia pia kwenye Familia, kwa hiyo vitu kadhaa vya ndani vilipatikana Gerezani kwa mtu mwenye subira na sampuli mkononi. Ukienda bila sampuli utaambiwa "kipo" kwa kitu chochote. Silinda ndogo ya klachi, ambayo huvuja kwa umri na kuacha pedali imelala sakafuni, niliipata kwa namna hiyo, nikajifunza kuibadilisha mwenyewe: bolti mbili, mrija mmoja, na msaidizi wa kukanyaga pedali wakati wa kutoa hewa. Lakini vitu vya bodi, mipira ya milango na vishikio vya turubai havikuwa na njia ya mkato. Niliviagiza Japani kupitia mawakala wa magari, vikaja ndani ya mabuti ya magari ya watu wengine, na nikasubiri miezi bila kunung'unika.

Barabara nazo zilikuwa na mitihani yake. Chini ya gari hadi ardhini palikuwa na sentimita 14 hivi. Matuta nilivuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Pantoni la Kigamboni nilipanda maji yakiwa yamejaa tu, maana yakitoka daraja lake lilisimama wima kiasi cha kukwangua bampa, na vijana wa pale walifika kunijua, wakanisimamisha pembeni mpaka njia ikawa sawa. Taa za mbele, zile zinazoinuka kama macho ya chura, ziliwafurahisha watoto wa kila mtaa. Mota moja ilipogoma usiku, fundi alinionyesha kitufe kidogo cha kuzungusha kwa mkono chini ya boneti, na taa ikapanda.

Na ukoo ukalipokea, hatimaye. Binti wa baba mdogo alipoolewa, gari la maharusi likawa lipi? Bwana harusi aliendesha mwenyewe, bibi harusi pembeni yake, shela imefungwa vizuri isinaswe na upepo, tarumbeta zikitangulia juu ya pikapu. Baba mdogo alisimama barazani na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: "Leo viti viwili vimetosha." Baada ya hapo lilikwenda harusi nyingi za mtaa wetu, na sikumtoza mtu hata shilingi.

Kazi ilinihamisha Dodoma serikali ilipohamia huko, na 2017 nililiuza. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2016, gari la milioni moja la aina hii lilitoka kiwandani Hiroshima. Waliokuja kulitazama langu walikuwa wengi. Wengi walikwenda moja kwa moja kwenye rangi, wakakaa, wakashika usukani, wakapiga picha. Nilimuuzia mwanamke mmoja, mhasibu, ambaye hakugusa mlango kwanza. Alipiga magoti kwenye kokoto, akamulika chini mbele ya gurudumu la nyuma, akagonga kizingiti kwa vifundo vya vidole kuanzia mwisho hadi mwanzo, akisikiliza. Kisha akaomba maji. Nikamletea kikombe. Alimimina mwenyewe, akainama kuona yanatokea wapi. Nilimpunguzia bei bila yeye kuomba, nikampa daftari lenye kila oili iliyomwagwa na kila kitu kilichobadilishwa, pamoja na namba ya fundi.

Swali la baba mdogo sasa naweza kulijibu. Gari lile halikuwa na nafasi ya kuwakalisha, lakini lilikuwa na kazi ya kumpa kila mmoja: mtoto wa kuchungulia maji, kijana wa kuhesabu meno, fundi viti wa kushona plastiki, vijana wa pantoni wa kusoma kina cha bahari. Halikuficha kitu. Kila kilichotaka kuharibika kilitoa ishara mapema, kwa rangi, kwa sauti, kwa harufu, na mtu yeyote mwenye nia aliweza kujifunza kuisoma. Gari ninaloendesha sasa ni kubwa na linatosha watu wote wa nyumbani, ila ukifungua boneti unakutana na mfuniko mweusi wa plastiki wenye nembo juu yake. Kila Jumamosi nauondoa, naangalia oili, naangalia rangi ya maji ya rejeta, nasikiliza injini ikiwa baridi. Wanangu wanasimama pembeni, na mdogo ameshaanza kushika spana.